Mtaalamu wa Maradhi ya Ulaji: Kazi Yake na Utu Wake

Watu wengi wakiambiwa kwamba yupo mtaalamu ambaye kazi yake ni kumtibu mtu asiyekula ilhali chakula kipo, jambo la kwanza wanalofanya ni kucheka. Katika nchi ambamo mkulima hutoka jasho msimu mzima ili watoto wake wasilale na njaa, yawezekanaje mtu akatae sahani iliyo mbele yake, na kisha atafutwe mtaalamu wa kumsaidia ale? Mimi pia nilicheka nilipolisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Lakini kicheko changu kilikatika upesi, kwani nilimkumbuka binti wa shangazi yangu huko Rubafu.

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, yanaeleza maradhi ya ulaji ni nini na jinsi yanavyofanya kazi katika mwili na akili. Pili, yanamweleza mtaalamu wa maradhi hayo: kazi yake kama mganga, na nafsi yake kama mtu. Mambo hayo mawili hayatengani, kwa sababu katika tiba hii, tofauti na tiba ya malaria au ya kichocho, dawa haifanyi kazi bila ya kuaminiana kati ya anayetibu na anayetibiwa.

Kisa cha Rubafu

Rubafu ni kata iliyoko kaskazini ya mji wa Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, si mbali na mpaka wa Uganda. Wenyeji huishi kwa migomba, kahawa na samaki. Mgeni akiingia katika nyumba iliyomo ndani ya kibanja, hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna hata kabla hajaulizwa habari za safari. Na chakula kikiwa tayari, ndizi na maharage hufunuliwa kutoka katika majani ya mgomba, na watu wote huketi. Katika mazingira kama hayo, kula pamoja ndiyo lugha ya ujamaa, na kukataa chakula ni sawa na kukataa salamu.

Binti wa shangazi yangu alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya bweni miaka ya mwisho ya 1990. Alikuwa hodari katika masomo na mcha Mungu. Alianza kwa kuacha chakula cha jioni, akisema anafunga. Baadaye aliacha cha mchana pia. Alirudishwa nyumbani akiwa amekonda mno, na barua ya shule ilisema ni mkaidi.

Ili kuelewa yaliyofuata, yafaa tukumbuke historia ya mkoa wa Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Kabla ya ugonjwa huo kuzoeleka kwa jina lake, watu wa Kagera waliuita "Juliana", na ng'ambo ya mpaka, huko Rakai, uliitwa "Slim", yaani ugonjwa wa kukonda. Kwa hiyo, wakati katika nchi za Ulaya msichana aliyekonda huenda akasifiwa, huko kwetu alitazamwa kwa hofu. Majirani walinong'ona. Damu ya ndugu yangu ilipimwa, makohozi yake yakapimwa, choo chake kikapimwa. Na majibu yote yalikuwa mema. Hapo ndipo wengine waliposema amerogwa, na wengine kwamba ana kiburi. Mimi niliyejiona msomi nilimwambia, "Kula tu, acha utoto." Ninayaandika maneno hayo kwa aibu. Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie habari hizi, ila nisimtaje jina.

Maradhi ya ulaji ni nini?

Maradhi ya ulaji ni hali ambayo uhusiano wa mtu na chakula huharibika kiasi cha kuhatarisha afya yake, wala si kwa kupenda kwake. Yapo ya aina kadhaa, lakini mawili ndiyo yaliyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi. La kwanza ni anoreksia, ambalo mgonjwa hujinyima chakula hata uzito wake ukashuka chini ya kiwango kinachofaa kwa umri na kimo chake, na wala haoni hatari iliyopo. La pili ni bulimia, ambalo mgonjwa hupatwa na vipindi vya kula chakula kingi kwa mkupuo bila kuweza kujizuia, kisha kwa hofu na aibu hujaribu kukiondoa mwilini. Mgonjwa wa bulimia aweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa; kwa hiyo ni rahisi sana asitambulike.

Anoreksia si jambo jipya. Mnamo mwaka 1689 daktari Mwingereza, Richard Morton, alieleza habari za vijana wawili waliodhoofika bila ya homa wala kikohozi. Mwaka 1873 madaktari wawili, William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa njia yake, waliueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu. Na ni Gull aliyeupa jina linalotumika mpaka leo. Bulimia ilielezwa baadaye sana, mwaka 1979, na Gerald Russell, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi London.

Jina lenyewe la anoreksia lina kasoro. Kwa asili yake ya Kigiriki maana yake ni kukosa hamu ya kula, hali mgonjwa hukosi njaa hata kidogo. Huisikia njaa, naye hushindana nayo mchana na usiku. Asemaye kwamba mgonjwa "hana hamu" hajaielewa vita iliyomo ndani yake.

Njaa hubadili akili

Hapa tufike kwenye jambo la kisayansi ambalo mwalimu na mwanafunzi wote wanapaswa kulishika vizuri. Tumezoea kufikiri kwamba akili ndiyo inayouongoza mwili. Katika maradhi haya mwili wenye njaa nao huiongoza akili, na kuipotosha.

Ushahidi ulio bora kuhusu jambo hili ulipatikana katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kati ya mwaka 1944 na 1945. Wakati huo vita vya pili vya dunia vilikuwa vinakaribia mwisho, na mamilioni ya watu wa Ulaya walikuwa na njaa. Mtaalamu wa fiziolojia, Ancel Keys, aliwachagua wanaume 36 waliojitolea, wenye afya njema ya mwili na ya akili. Kwa muda wa miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula walichokizoea, hata wakapoteza takriban robo ya uzito wao.

Mabadiliko yaliyotokea yaliwashangaza hata watafiti. Vijana wale waliokuwa wachangamfu wakawa wakimya na wepesi wa hasira. Walijitenga. Hawakuweza kufikiri jambo jingine isipokuwa chakula: waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi, walikigawa chakula chao vipande vidogo vidogo na kukila kwa saa nzima. Hakuna aliyekuwa na maradhi ya ulaji kabla ya jaribio lile. Tabia zile zilizaliwa na njaa. Na hata waliporudishiwa chakula, wengi wao walichukua miezi mingi kabla ya kurejea hali yao ya zamani.

Funzo lake ni kubwa. Mambo mengi tunayoyaita ukaidi, kiburi au utoto wa mgonjwa wa anoreksia ni dalili za njaa yenyewe. Mgonjwa alianza kujinyima kwa sababu fulani, huenda ni huzuni, hofu ya mtihani, ibada, au kutaka kupungua. Lakini akisha kukonda, njaa huishika akili yake na kuifanya ngumu kama udongo uliokauka. Tumbo nalo husaidia uongo huo: kwa kuwa limezoea chakula kidogo, hukisaga na kukitoa polepole sana, hata mgonjwa akila matonge mawili hujiona ameshiba kweli.

Wakati huohuo mwili hujibana matumizi kama serikali iliyofilisika. Mapigo ya moyo hupungua, viungo huwa baridi, na hedhi hukoma, kwa sababu ubongo huamuru homoni za uzazi zisitolewe wakati wa dhiki. Mifupa, ambayo ingepaswa kujengwa katika ujana, hukosa madini na kubaki dhaifu kwa maisha yote. Moyo wenyewe ni msuli, nao huliwa kama misuli mingine. Kwa mgonjwa wa bulimia, potasiamu katika damu yaweza kushuka ghafla na moyo ukasimama. Kwa sababu hizo anoreksia huhesabiwa miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi.

Je, ni ugonjwa wa Wazungu?

Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba maradhi haya ni ya wasichana matajiri wa Ulaya na Marekani. Usemi huo una ukweli kidogo na makosa mengi.

Ukweli wake ni kwamba mazingira yana nguvu. Televisheni ilipofika katika jimbo la Nadroga, visiwani Fiji, mwaka 1995, mtafiti Anne Becker aliwachunguza wasichana wa shule mara baada ya kufika kwake na tena mwaka 1998. Katika uchunguzi wa kwanza hakukuwa na msichana aliyesema amejitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye, walikuwa asilimia 11. Hapa kwetu, uchunguzi wa Kamryn Eddy na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 uliwahusu wanawake na wasichana 214 wa Tanzania. Nao ulionyesha kwamba dalili za maradhi ya ulaji zipo, na kwamba huambatana na kukutana sana na vyombo vya habari vya kigeni. Siku hizi picha hizo haziji tena kwa televisheni ya sebuleni peke yake, bali kwa simu iliyomo mfukoni mwa mwanafunzi.

Makosa ya usemi huo ni kudhani kwamba bila ya picha za kigeni ugonjwa haupo. Mwaka 1984 madaktari walieleza habari za mwanamke Mwafrika wa Zimbabwe aliyekuwa na anoreksia. Mwaka 2004 ulitangazwa uchunguzi wa wasichana 668 wa shule za sekondari nchini Ghana. Kati yao walionekana 10 waliokuwa wamekonda kwa kujinyima, wala hawakuwa na ugonjwa mwingine. Lakini hawakusema wanaogopa unene. Walisema wanafunga, na walifurahia uwezo wa kuitawala nafsi. Nilipousoma uchunguzi huo nilisimama na kuzunguka chumbani, kwani ni kama wangemwandika ndugu yangu.

Haitupasi kudhani kwamba kufunga ni ugonjwa. Waislamu na Wakristo hufunga, nao hubaki na afya. Anayefunga kwa ibada hufungua pamoja na wenzake, na saa ya kufungua humfurahisha. Mgonjwa huiogopa saa hiyo, huikimbia, na hutafuta sababu ya kuendelea.

Na mkoa wa Kagera una kumbukumbu nyingine inayotufundisha kwamba dhiki ya moyo huweza kusema kwa njia ya mwili. Tarehe 30 Januari, 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, ambayo leo ni wilaya ya Muleba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hali hiyo iliwaenea wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari Rankin na Philip, waliochunguza mkasa huo na kuandika habari zake mwaka 1963, hawakupata sumu wala kijidudu. Wale wasichana hawakuwa wakifanya mzaha. Wengi walilia na kuhangaika. Mkasa wa Kashasha haukuwa maradhi ya ulaji, lakini waonyesha kwamba tangu zamani wasichana wa shule zetu wameweza kuugua ugonjwa wa kweli usioonekana kwa darubini.

Mtaalamu katika kazi yake

Nilipokuwa London nikisomea shahada ya udaktari wa falsafa katika biokemia, jirani yangu wa ngazi ya chini alikuwa mama wa makamo, Mwingereza. Tulijuana kama majirani wanavyojuana: alinipokelea barua zangu, nami nilimbebea mizigo. Ilipita karibu miezi minane kabla sijajua kazi yake. Aliponiambia kwamba hutibu maradhi ya ulaji, ndipo nilipocheka kile kicheko nilichokitaja. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Je, kwenu hakuna mtu aliyewahi kuacha kula?" Nikanyamaza.

Kwake yeye nilijifunza kwamba tiba ina hatua zake, nazo hufuatana kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza ni usalama wa mwili. Mtaalamu wa mazungumzo hafanyi kazi peke yake. Yuko daktari anayepima moyo na damu, na mtaalamu wa lishe anayepanga chakula. Kabla ya yote huhakikishwa kwamba mgonjwa hana kifua kikuu, UKIMWI, kisukari, minyoo au ugonjwa wa tezi, kwa maana hayo nayo hukondesha. Na hapa ipo hatari ambayo kila mzazi yafaa aijue. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akipewa ghafla chakula kingi aweza kufa. Sababu yake ni hii: chakula cha wanga huiamsha insulini, nayo huisukuma fosfeti kutoka katika damu kwenda ndani ya seli. Fosfeti ikipungua sana katika damu, moyo na misuli ya kupumulia hukosa nguvu. Watu wengi waliotolewa katika kambi za wafungwa wakati wa vita vya pili vya dunia walikufa baada ya kushiba. Kwa hiyo mgonjwa aliyekonda sana hulishwa kwa kipimo na chini ya uangalizi wa daktari.

Hatua ya pili ni kula kwa wakati. Chakula ndicho dawa ya kwanza, kwa sababu, kama tulivyoona, akili yenye njaa haiwezi kujadiliana. Mtaalamu na mgonjwa hupanga milo, na mgonjwa huandika katika daftari alichokula, saa ngapi, na alikuwa na mawazo gani. Daftari hilo si la polisi. Ni kama kumbukumbu za maabara: wote wawili hulitazama pamoja ili waone ni jambo gani hutangulia na lipi hufuata.

Hatua ya tatu ni kuyachunguza mawazo yenyewe. Hilde Bruch, daktari aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1904, akaikimbia nchi hiyo mwaka 1933 na hatimaye kufanya kazi Marekani, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1973 kwamba nyuma ya vita ya chakula mara nyingi kuna kijana anayejiona hana uwezo juu ya jambo lolote la maisha yake, isipokuwa kinachoingia kinywani mwake. Ukimnyang'anya silaha hiyo bila kumpa nyingine, ataipigania mpaka kufa. Baadaye Christopher Fairburn wa Oxford aliunda utaratibu wa tiba ya mazungumzo ambao kwa mtu mzima asiyekonda huwa na vikao 20 hivi, na kwa aliyekonda huwa 40.

Kwa watoto na vijana njia yenye ushahidi bora zaidi ni kuitumia familia. Gull aliwaona jamaa wa mgonjwa kuwa wauguzi wabaya kuliko wote, na kwa muda mrefu madaktari waliwatenga wazazi. Lakini mwaka 1987, Russell na wenzake wa London walichapisha matokeo ya tiba ya wagonjwa 80. Wale walioanza kuugua anoreksia wakiwa wadogo, na ambao ugonjwa haukuwa umezidi miaka mitatu, walipata nafuu kubwa zaidi pale wazazi wao walipofundishwa kuusimamia mlo wenyewe. Katika tiba hiyo wazazi hawalaumiwi kwa kuleta ugonjwa, na mtoto halaumiwi kwa kuugua. Ugonjwa hutazamwa kama mgeni mbaya aliyeingia nyumbani, na nyumba nzima huungana kumtoa.

Mtaalamu kama mtu

Sasa tumtazame mtu mwenyewe. Siku moja nilimwomba jirani yangu amwandikie ndugu yangu barua ya ushauri. Alikataa. Alisema, "Mimi ni rafiki yako. Siwezi kuwa rafiki yako na mganga wa ndugu yako kwa wakati mmoja. Nitashindwa yote mawili." Wakati huo nilimwona mkavu. Baadaye nilielewa kwamba ile ndiyo heshima ya kazi yake.

Mgonjwa wa maradhi ya ulaji ni mwepesi mno wa kusoma nyuso. Huutazama mwili wa mtaalamu na kujiuliza, huyu naye hula nini? Humpima kama atamchukia akisema uongo, kama atamsifu akiongezeka uzito, kama ataogopa akilia. Kwa hiyo mtaalamu mwema hujichunga. Hazungumzii uzito wake mwenyewe wala wa watu wengine. Wala hasemi, "Umenenepa, umependeza," kwani mgonjwa husikia neno la kwanza tu. Mezani kwa jirani yangu sikupata kumsikia hata mara moja akitaja mtu amekula sana au kidogo. Nilidhani ni adabu ya Kiingereza. Kumbe ilikuwa ni kazi iliyogeuka kuwa tabia.

Mtaalamu naye ana mtaalamu. Kila baada ya muda hukutana na mwenzake aliyemzidi uzoefu, akamweleza kesi zilizo ngumu na jinsi zinavyomgusa, kwa sababu kumtazama kijana akidhoofika humuumiza yeyote mwenye moyo. Wapo pia wataalamu waliowahi kuugua wenyewe. Hilo laweza kuwa msaada, lakini kwa sharti kwamba wamepona na wanajua kutenganisha kisa chao na kisa cha mgonjwa.

Je, mipaka hiyo ya London yawezekana Rubafu? Huko mshauri huenda akawa shemeji wa mama yako. Mtakutana mwaloni, sokoni na katika ibada. Haiwezekani msijuane. Lakini yawezekana kukubaliana. Mshauri na mgonjwa hupatana mapema: tukikutana barabarani tutasalimiana kama kawaida, wala sitakuuliza habari za chakula mbele ya watu, unayoniambia hayatafika kwa shangazi yako, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini, na hapo nitakwambia wewe kwanza. Siri iliyowekewa masharti yanayojulikana huaminika kuliko siri iliyoahidiwa bila masharti kisha ikavunjwa.

Mahali ambapo mtaalamu hayupo

Wanafunzi watauliza: na sisi tulio mbali na wataalamu hao tufanye nini? Ni kweli kwamba madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache, nao wengi wako katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Mirembe ya Dodoma na Bugando ya Mwanza. Lakini njia ya kufika huko huanzia shuleni na katika zahanati.

Mwalimu wa unasihi au matroni wa bweni ndiye mara nyingi huona kwanza. Dalili zifuatazo zastahili kuangaliwa: mwanafunzi anayekwepa bwalo kila mara kwa visingizio vipya, anayekonda, au kuacha kukua wakati wenzake wanakua, anayekimbilia chooni kila baada ya mlo, anayeona baridi wakati wengine hawaoni, anayezimia mstarini, au aliyekuwa mcheshi akawa mpweke. Dalili moja peke yake haithibitishi ugonjwa. Lakini zikikusanyika, mwanafunzi aitwe faraghani, aulizwe kwa upole, na apelekwe kwa tabibu. Kuzimia, maumivu ya kifua, mapigo ya moyo ya polepole sana, au kutaja kutaka kufa, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Asipigwe, asifedheheshwe mbele ya darasa, wala asilazimishwe kula kwa vitisho. Wala asiachwe tu kwa matumaini kwamba atachoka. Na mwanafunzi mwenye rafiki wa namna hiyo asijidhani msaliti akimweleza mwalimu anayemwamini.

Nimalizie kwa ndugu yangu. Hakuna mtaalamu aliyemtibu. Aliyemwokoa ni bibi yetu, mzaa mama yake, ambaye hakujua kusoma. Tabibu mmoja wa zahanati alishauri aanze kwa uji mwepesi na kuongeza kidogo kidogo. Na bibi alilishika shauri hilo kama amri. Mara tano kwa siku aliketi naye mkekani na kikombe, asimgombeze wala asimbembeleze, wala asiondoke. Uji ulipopoa aliupasha moto. Ndugu yangu alilia, bibi akakaa. Alimtukana, bibi akakaa. Iliendelea hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Nilipomsimulia jirani yangu wa London habari hizo, aliweka kikombe chake chini akaniambia kwamba hayo ndiyo wanayowafundisha wazazi hospitalini. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: kwamba bibi yule alistahili kuwa na mtu wa kumweleza uchovu wake, na kwamba mjukuu alistahili mtu wa kumsikiliza yale ambayo bibi hakuyajua. Alisema kweli. Ndugu yangu alipona mwili, akamaliza shule, na leo ni mama wa watoto. Lakini miaka miwili iliyopita aliteleza shambani na kuvunjika nyonga, katika umri ambao mfupa haupaswi kuvunjika kwa urahisi hivyo. Na bado kuna siku anapoketi mezani nami humwona akihesabu matonge.

Siku hizi nikienda Rubafu simwambii tena ale. Huketi naye mpaka amalize, tukizungumza habari za migomba.